Udhuru wa Eliwaza

Kuolewa na mpiga mbiu si kazi ndogo. Wanawake wenzake wa Kwantaro waliolewa na wanaume wa kulima, wa kufuga, wa kwenda mkonge Tanga na kurudi na blanketi jipya. Eliwaza aliolewa na sauti. Simeoni alipokuja kuposa, mshenga alimsihi aseme taratibu, maana habari za posa huzungumzwa chinichini, lakini majirani wa ng'ambo ya bonde waliijua mahari yote kabla baba wa binti hajamaliza kukohoa. Hakuwa mtu wa makelele kwa tabia. Ndivyo alivyoumbwa, kifua kipana na koo lisilojua kunong'ona. Baba yake alikuwa mpiga mbiu kabla yake, na pembe ya kilima, pembe ya tandala, ilining'inia ukutani kwao tangu enzi za Mjerumani. Sasa alitawala Mwingereza, na pembe ilikuwa ile ile.

Kwa asiyeijua milima ya Upare, nyumba zimekaa juu ya migongo ya vilima, na kati yake kuna mabonde marefu. Kumwona jirani ni kufungua mlango tu. Kumfikia ni kushuka na kupanda mpaka magoti yalalamike. Kwa hiyo maneno yalirushwa badala ya kubebwa. Mtu amefariki, mbuzi amepotea, mfumwa, chifu wao, ameagiza kazi: Simeoni alipanda jiwe lililo juu ya ndiva, yaani bwawa la kukusanyia maji ya mashamba, akapuliza pembe, akatangaza. Mpiga mbiu wa kilima cha pili alilidaka neno akalipeleka mbele, na wa kilima cha tatu vivyo hivyo, hata likafika Kihurio, kule chini tambarare kwenye mpunga, kabla aliyetumwa kwa miguu hajafunga mzigo. Na kama ni kitu kilichopotea, aliyekiona alijibu, na jibu likapanda mlima kwa njia ile ile.

Zaidi ya yote alitangaza msaragambo. Hiyo ilikuwa kazi ya watu wote, kila nyumba itoe watu wake, waume kwa wake: kuzoa tope la ndiva, kuzibua mifereji, kutengeneza njia. Asiyefika hakupigwa wala hakufungwa. Alitajwa. Jioni ya siku ya pili Simeoni alisimama juu ya jiwe akataja majina ya wasiofika, na mwenye udhuru alitajiwa na udhuru wake, ugonjwa, msiba au uzazi, ili watu wajue na wamwonee huruma. Asiye na udhuru, jina lake lilizunguka mabonde peke yake. Hapo Simeoni hakumpendelea mtu. Aliwahi kumtaja mjomba wake mwenyewe, mzee wa mkongojo, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumwomba amruke.

Eliwaza alijifunza mapema namna ya kuishi na mtu kama huyo. Alijua kwamba neno lolote likiingia kwa mumewe lilikuwa tayari njiani kutoka. Si kwa ubaya, la. Simeoni aliamini kwa moyo wake wote kwamba jambo likisemwa mbele za watu linapona, kama kidonda kinachoachwa kipate hewa. Basi mkewe akawa kinyume chake. Siri iliyoingia sikioni mwa Eliwaza ilikufa njaa humo humo. Wanawake walichukua miaka kulitambua hilo, kwa kuwa nani angepeleka siri nyumba ya mpiga mbiu? Lakini walipolitambua, walikuja.

Ndivyo alivyokuja Ruthi. Ilikuwa alfajiri, Eliwaza akipuliza moto wa uji, na Simeoni alikwisha kwenda kwenye jiwe kuwaamsha watu, maana siku hiyo palikuwa na msaragambo wa kuzoa tope la ndiva. Ruthi alikuwa mke kijana wa jirani. Mumewe alikuwa huko huko mkongeni, naye aliishi na mama mkwe wake na mtoto wao wa kwanza, Ebenezer. Alisimama mlangoni mtoto akiwa amefunikwa gubigubi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?"

Ruthi alikaa chini, akamfunua mtoto, akampandisha mdomo wa juu kwa kidole. Kwenye fizi ya juu jino lilikuwa limechomoza, jeupe, dogo, safi. Ya chini haikuwa na kitu.

Eliwaza aliliangalia mpaka uji ukafoka. Mtoto alicheka, akidhani anachezewa.

Hakuna mtu wa Upare aliyehitaji kuelezwa maana yake. Mtoto aotaye meno ya juu kwanza ni kigego, na kigego, wazee walisema, huimaliza nyumba. Zamani hakuachwa hai. Serikali ilikwisha kukataza, kanisa lilikwisha kukemea, na watu waliitika amina. Lakini mwaka uliopita kulikuwa na mtoto wa kilima cha pili ambaye ilisemekana alilala vibaya, na waliomzika hawakuulizana mengi.

"Bibi Rogathe ameliona?" Eliwaza aliuliza. Rogathe ndiye mama mkwe wa Ruthi, Mkristo wa kukaa benchi la mbele, mkimya, asiyecheka ovyo.

"Bado. Limetoka usiku. Nimemwambia mtoto ana kikohozi, namleta kwako kwa dawa. Lakini mama, atamwosha leo. Huwa anamwosha yeye." Hapo Ruthi akaanza kulia bila sauti, machozi yakimdondokea mtoto kichwani.

Eliwaza alimwogopa Rogathe, na zaidi aliwaogopa watu wote wema ambao wangefika kumsaidia Rogathe. Alifikiri kwa muda wa kuepua chungu. Jino la juu halirudi ndani. Ila ya chini nayo yataota, na yakishaota, nani atajua yapi yalitangulia? Kilichotakiwa ni mahali pa kusubiri.

"Kaka yangu Yahaya yuko Kihurio," alisema. "Mkewe ni mtu wa maana. Tutamwambia bibi kwamba kikohozi cha mtoto kinataka joto la chini, na mimi ninakusindikiza. Funga nguo zako."

Mumewe alipopita kuchukua jembe, Eliwaza alimwambia jambo moja tu. "Baba Namsifu, leo nina safari. Usiniulize."

"Leo? Na ndiva?"

"Usiniulize."

Simeoni alimtazama, akajikuna shingo, akaenda zake.

Walishuka kutwa nzima kwa njia ya mawe, wakimpokezana mtoto, na jioni Mwanahalima, mke wa Yahaya, akawapokea bila maswali mpaka walipokwisha kula. Alipoonyeshwa jino alisema, "Huku kwetu ni jino tu, wifi," akamtupa mtoto juu na kumdaka. Eliwaza alilala usingizi wa mtu aliyetua mzigo, na asubuhi akaanza kupanda kurudi peke yake.

Alikuwa amebakiza kona ya mwisho, miguu imejaa vumbi, jua likielekea kuzama, aliposikia pembe. Akasimama kupumzika na kusikiliza, kama alivyosikiliza miaka yote, kwa fahari kidogo ambayo asingeikiri. Simeoni alitaja wasiofika. Wa kwanza alikuwa na homa. Wa pili alifiwa. Kisha sauti ile ile, bila kupanda wala kushuka, ikasema:

"Eliwaza wa Simeoni hakufika. Udhuru hakuutoa."

Mwangwi ukalirudia. Kilima cha pili kikalidaka, na cha tatu, likashuka nyuma yake bondeni kwa njia aliyotoka kuipanda. Eliwaza alisimama njiani, mkono umeshika mti, akahisi amevuliwa nguo mbele ya Upare nzima na mtu ambaye yeye ndiye humfulia nguo.

Nyumbani hakupiga kelele. Simeoni ndiye aliyeanza, maana alikuwa na wasiwasi na alikula kande bila kutafuna.

"Ningefanyaje, Mama Namsifu? Nikiruka jina la mke wangu, kesho nani ataisikiliza pembe? Nipe udhuru wako. Nipe sasa hivi, kesho asubuhi nitapanda niutangaze, na yote yatakwisha."

Eliwaza nusura acheke. Mtu huyu alikuwa mwema kiasi kwamba angeitangaza siri ya Ruthi kwa nia ya kumsafishia mkewe jina, na angelala fofofo baadaye. Hata kikohozi asingekitaja, maana kikitangazwa, watu wangeshuka Kihurio kumjulia mtoto hali na kumfumbua mdomo.

"Miaka yote tuliyokaa," alisema, "nimewahi kukosa kazi ya watu hata mara moja?"

"Hujawahi."

"Basi ungesema hilo. Ungesema, mke wangu hakufika, nami ninamjua, ana udhuru. Ungekufa?"

"Udhuru usiojulikana hautangazwi. Baba yangu hakuwahi."

"Baba yako hakunioa mimi." Alivua aproni aliyopewa na wanawake wa kanisa, akaitundika. "Pale juu ya jiwe ndipo uliponivua nguo. Pale juu ndipo utakaponivika. Ukishindwa, mimi niko kwa kaka yangu."

Asubuhi akashuka tena. Watu waliomwona walijua la kusema, na walilisema: mwanamke ana safari zisizo na jina, zote za Kihurio, bila shaka huko kuna mwanamume mwenye mpunga. Hata waliokula chakula chake kwenye misiba walilisema. Neno la udhuru lingewanyamazisha wote, na neno hilo lilikuwa na umri wa miezi michache na jino moja.

Kule chini Eliwaza alikaa na kaka yake akisaidia kuamia ndege wa mpunga. Alikaa juu ya dungu na kombeo, akipiga kelele, na mara nyingine alipiga kelele kuliko ndege walivyostahili. Kila asubuhi yeye, Ruthi na Mwanahalima waliinama juu ya mdomo wa Ebenezer kama mafundi wa saa, na kila asubuhi fizi ya chini ilikuwa laini. La juu liliongezeka na kupata mwenzake. Mtoto alinenepa, alitafuna kila kitu, na hakujua kwamba wanawake watatu walikuwa wakimwombea kwa Mungu na kwa Mwenyezi.

Simeoni alifuata desturi. Alituma wazee wawili na kibuyu cha dengelua, pombe ya miwa, wakaja kumwomba arudi. Waliongea vizuri. Walisema mumewe amekonda, kuku wanalala nje, na yeye mwenyewe amekiri kosa mbele yao.

"Shikamooni, wazee wangu," Eliwaza alisema. "Nawashukuru kwa miguu yenu. Lakini hakunitaja mbele yenu wawili. Alinitaja mbele ya vilima. Mwambieni hivyo."

"Pembe si ya mambo ya chumbani, binti yetu," alisema mmoja wao. "Filipo amekwisha kumwonya. Akiipigia habari za mkewe, atanyang'anywa." Filipo alikuwa mchili wa kilima, mtu wa mfumwa aliyesimamia kazi zote, na pembe ilikuwa chini yake.

"Basi na abaki na pembe yake."

Wakaondoka wamenuna, ila kibuyu walikimaliza. Yahaya alimwambia dada yake kwamba ana kiburi, na Eliwaza alipokwenda kulala alikubali kwamba huenda kweli anacho. Lakini kiburi si kitu kilichomkosesha raha. Alimkumbuka. Alikumbuka namna Simeoni alivyosali kabla ya kula, sala ndefu ambayo mbuzi wa majirani waliiitikia. Asubuhi za Kihurio zilikuwa na majogoo, adhana na vyura wa majarubani, na bado zilikuwa kimya mno kwake. Alikuwa ameizoea ile sauti maisha yake yote ya utu uzima, na sasa alijua kwamba aliipenda, hata ilipokuwa ikimtia aibu.

Siku ya gulio walikwenda sokoni, yeye na Mwanahalima na Ruthi na mtoto mgongoni, kuuza mchele na kununua chumvi. Watu walikuwa wengi. Mpiga mbiu wa Kihurio, Sefu, hakutumia pembe bali debe, naye alikuwa mtu wa mizaha, aliyejulikana kwa kutia chumvi hata kwenye habari za vifo. Akaligonga debe. Eliwaza hakugeuka.

"Kuna kilichopotea," Sefu alisema. "Kimepotea Kwantaro, juu milimani. Aliyekiona ajibu. Jamani, sikilizeni, maana hili sijapata kulitangaza, na nimetangaza mengi. Anasema hivi. Mimi Simeoni nimepotewa na mke."

Watu wakacheka. Mtu mmoja alisema kwamba wa kwake na apotee pia. Eliwaza aliweka pishi ya mchele chini, akaishika kwa mikono miwili.

Sefu alingoja kicheko kipungue, na alipoendelea, ajabu, hakutia chumvi. "Anasema: Nilimtaja mke wangu miongoni mwa wasiofika kazini. Nikasema hana udhuru. Nilikosea. Anao. Siujui ni upi. Sijauuliza, sitauuliza, na mtu yeyote asimwulize. Mimi nimelala naye chini ya paa moja tangu ujana, na akisema ana safari, basi ni safari njema. Nililisema lile hadharani, na hili nalisema hadharani. Anayemwona amwambie nyumba ipo." Akaligonga debe mara moja, taratibu. "Ndivyo alivyosema. Mimi nimeleta tu."

Mwanamume mmoja aliguna kwamba huyo hajui hata mkewe alikuwa wapi, halafu anasimama kumtetea, mwanamume mzima. Mwanamke muuza samaki akamwambia anyamaze. Mwanahalima alimtazama wifi yake, na Ruthi alikuwa amejifunika uso kwa upande wa kanga.

Eliwaza alisogea mpaka kwa Sefu. "Pembe ilipigwa?" aliuliza.

"Hakuna pembe, mama. Mwenzangu wa kilima cha mwisho kaniambia. Yule bwana alikwenda kwanza kwa mchili, akaiweka pembe mlangoni kwake, akasema hili linalofuata si la pembe. Ndipo akapanda jiwe na mdomo mtupu. Kilima cha pili wangeweza kukataa, maana bila pembe si mbiu, ni mtu anapiga kelele. Lakini waliitambua sauti, wakaidaka."

Machozi yalimtoka Eliwaza, naye hakuyafuta. Pembe ile ndiyo iliyomfanya Simeoni awe Simeoni. Bila hiyo alikuwa mzee wa kawaida mwenye sauti kubwa.

"Sasa," Sefu aliuliza kwa upole, "mimi ninangoja jibu. Kuna aliyemwona?"

"Mwambie ameonekana," alisema Eliwaza. Watu wakageuka. Aliinua kichwa. "Mwambie ameonekana, na atarudi mpunga ukishaingia ghalani. Asije kumchukua. Atarudi mwenyewe."

Jibu likapanda mlima, kilima kwa kilima. Baadaye walimwambia kwamba Simeoni alikuwa amekaa juu ya jiwe tangu alipomaliza kusema, na lilipomfikia alivua kofia, akashuka, akaenda kuwafungia kuku banda. Hakuuliza kwa nini mpunga. Watu walimwuliza kwa niaba yake, mkeo ana shamba lipi Kihurio hata angoje mavuno, naye akawajibu kwamba hajui.

Jino la chini lilitoka siku mpunga ulipokuwa ukipurwa. Mwanahalima ndiye aliyeling'amua, alipong'atwa kidole, akapiga kigelegele mpaka Yahaya akaja mbio akidhani ni nyoka. La pili likafuata upesi. Sasa Ebenezer alikuwa na mawili juu na mawili chini, na alicheka kama mtu aliyejua alichofanya.

Walipanda mlima pamoja na kufika siku ya msaragambo. Eliwaza alilipanga hivyo kwa makusudi. Hakupita nyumbani. Aliazima jembe njiani, akatua mchele wake pembeni ya ndiva, na akaingia topeni katikati ya wanawake, mbele ya macho ya kila aliyelinena jina lake. Pembe ilikuwa kwa mpwa wa Filipo, aliyeipuliza kama anayepoza uji. Simeoni alikuwa upande wa wanaume, suruali imekunjwa, akizoa tope kama watu wengine. Alimwona mkewe. Hakuita. Lilikuwa jambo la ajabu kidogo, kumwona akiwa na la kusema na asiliseme.

Ndipo Rogathe akaja kumchukua mjukuu wake.

Alimpokea kutoka mgongoni mwa Ruthi, akamweka mapajani, na kabla mtu hajasema lolote alipitisha kidole mdomoni mwake. Kidole cha bibi kilipita fizi ya chini, kikapita ya juu, kikarudi chini tena, polepole, kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa kuhesabu meno. Wanawake wawili waliokuwa karibu waliinama kutazama.

"Ameota vizuri," Rogathe aliwaambia. "Yote kwa pamoja. Joto la Kihurio limemfaa." Nao wakarudi kazini.

Mtoto alimng'ata bibi yake. Rogathe alimwacha ang'ate. Kisha akamwinamia Eliwaza, kwa sauti ya mtu anayeomba jembe.

"Wa kwangu wa kwanza alikuwa na jino moja tu," alisema. "Hakukuwa na mtu wa kunipeleka Kihurio."

Eliwaza alimtazama mwanamke aliyemwogopa tangu alfajiri ile. Alimshika mkono kwa mkono wake uliojaa tope, wakakaa hivyo, mpaka mtoto akachoka kubanwa akaanza kudai maziwa.

Simeoni alikuwa amesimama karibu nao na ndoo. Hakusikia kilichosemwa, lakini aliiona mikono. Alimwona Ruthi akilia huku anacheka. Alimwona mtoto amefumbua mdomo, mawili juu na mawili chini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake mkewe aliona jambo likiingia kwa Simeoni, likimzunguka kichwani, likishuka mpaka kifuani, na lisitoke. Midomo yake ilifunguka, kisha akaifunga. Alitua ndoo, akainua furushi la mchele la mkewe, akalipeleka kivulini.

Jioni walikula kande. Sala ilikuwa ndefu, na mbuzi waliitikia.

"Mtoto wa Ruthi amekua," Simeoni alisema.

"Amekua."

"Anacheka vizuri."

Eliwaza aliweka bakuli chini. "Baba Namsifu, nikitaka kukueleza..."

"Nilisema hadharani kwamba siulizi," alisema Simeoni, kwa sauti ambayo kwake ilikuwa ya chini, ingawa jirani pengine aliisikia. "Vilima vyote vilisikia. Unataka nionekane mwongo?" Akamsogezea kipande cha nyama alichokuwa amekiweka pembeni.

Mpwa wa Filipo hakudumu. Watu walilalamika kwamba akitangaza kifo mtu hajui kama aende na jembe la kazini au na kuni za matanga. Kabla ya mvua za vuli Filipo mwenyewe alikuja na pembe imefungwa kwenye kitambaa, akaketi uani, akasema yaliyopita yamepita, kilima kinamtaka mtu wake. Eliwaza alikuwa akichambua maharage. Alijua mumewe alivyoitamani. Alikuwa amemwona zaidi ya mara moja akiugusa ukuta mahali ilipokuwa ikining'inia.

Simeoni aliipokea, akaifungua, akaipangusa mdomo kwa kiganja. Kisha akaifunga tena kwenye kitambaa.

"Tafuteni mwingine, nitamfundisha," alisema. "Baba yangu aliniambia mpiga mbiu asiwe na la kuficha. Mimi sasa ninalo."

"Wewe?" Filipo alicheka. "Lipi?"

Simeoni alimtazama mkewe, na ng'ambo ya bonde mtoto wa Ruthi alikuwa akilia kwa njaa, sauti nzuri, yenye nguvu. Akavuta ungo wa maharage, akakaa kando ya Eliwaza, wakaendelea kuchambua.